Kikapu Kilichopimwa Mara Mbili

Ijumaa ile niliyokabidhi kishikwambi, mwavuli na fulana ya kazi, ninyi vijana wa ofisi ya Same mliniandalia soda na keki, mkaniomba niwaandikie niliyojifunza katika miaka yangu ya udadisi. Nilikubali haraka kwa sababu machozi yalikuwa karibu na sikutaka myaone. Sasa nimekaa mezani kwangu, katika nyumba yangu ya huku nyuma ya stendi, na kila nikijaribu kukumbuka nilichojifunza, kinachokuja kwanza ni hofu. Vyeo na mishahara mtaviuliza kwa mhasibu. Mimi nitawaandikia hofu, maana ndiyo iliyonifanyisha kazi.

Niliogopa mvua isiloweshe madodoso. Niliogopa kuruka swali. Niliogopa mbwa, ambao hawajui sheria ya takwimu na wala hawaangalii kitambulisho. Zaidi ya yote niliogopa kwamba mahali fulani, kwenye ukurasa fulani, nimeandika sita badala ya tisa, na kwamba hiyo sita itasafiri mpaka makao makuu bila mtu yeyote kuishuku, ikae humo miaka yote ikijifanya kweli.

Nilianza nikiwa binti wa miaka ishirini na mbili, nimetoka kijijini kwetu Mamba na sanduku la bati. Mafunzo yalikuwa siku kumi katika darasa la sekondari, tumekaa kwenye madawati ya wanafunzi, magoti yanagonga mbao. Tulifundishwa kupima umaskini wa kaya: watu wanakula nini, kiasi gani, kinatoka wapi, wanalala chini ya paa gani, wanateka maji wapi. Msimamizi wetu alikuwa Mzee Msangi, mwenyeji wa Shighatini kule Ugweno, mtu mrefu mwenye sauti ndogo, aliyetembea na mizani yake ya kuning'iniza ndani ya soksi safi ya sufu ili isigongwe. Siku ya mwisho ya mafunzo alitukabidhi mizani zetu, akatuambia tuzitundike tupu kila asubuhi kabla ya kutoka, tuangalie kama mshale umesimama kwenye sifuri. Niliangalia yangu mara tatu kila asubuhi. Wenzangu walinicheka, nami niliendelea kuangalia.

Kaya yangu ya kwanza ilikuwa kambi ya wakata mkonge huku chini tambarare, Makanya. Nilimkuta baba mmoja mwenyeji wa Kigoma, mpole, viganja vimejaa makovu ya miiba. Nikamuuliza kaya yake ina watu wangapi, akasema tisa. Nikaandika tisa. Nikapima unga alioutenga kwa ajili ya ugali wa siku ile, nikaandika nusu kilo, nikamshukuru, nikaondoka nikijisikia mtaalamu.

Jioni Mzee Msangi alipitia dodoso langu, akanirudishia bila kukasirika. Alisema watu tisa wakila nusu kilo ya unga kwa siku, basi niliwahoji marehemu. Kesho yake alinirudisha kambini kwa miguu, kilomita saba, jua la Makanya likiwa juu ya utosi. Kumbe yule baba aliishi peke yake. Wanane walikuwa kijijini kwao Kigoma, na hakuwa amewaona kwa miaka miwili.

"Hao ndio watu wangu," aliniambia. "Ulitaka niseme sina mtu?"

Nilifuta tisa nikaandika moja, naye alikuwa ananitazama nikifuta. Tangu siku ile sikuuliza tena kaya ina watu wangapi. Niliuliza nani amekula kutoka chungu hiki jana, na nani kati ya hao amelala hapa. Nanyi ulizeni hivyo. Lakini kama mhojiwa atataka kuwataja walio mbali, mwacheni awataje kwanza.

Miaka iliyofuata nilijifunza vitu vidogo vidogo. Madodoso yanakaa ndani ya mifuko miwili ya rambo, si mmoja. Ukifika kwenye nyumba, kaa pale unapoonyeshwa, hata kama ni kwenye gunia, na usipanguse. Usigawe biskuti kwa watoto, kwa sababu biskuti ni chakula na itabidi uiandike. Usimsifu mtu kwa anachokula wala usikunje uso. Ukipangiwa kuifuata kaya siku nyingi mfululizo, siku tatu za mwanzo itakuonyesha chakula cha wageni: kuku atachinjwa, mchele utatokea, na wewe utapima ukijua kwamba wanapima heshima yao. Siku ya nne mchele utapotea, na hapo ndipo kazi inapoanza. Mzee Msangi alisema ukiona kaya ambayo siku ya nne na ya tano bado chakula chake ni kizuri, na sababu huioni, rudi. Alirudia neno hilo mpaka tukalizoea, na neno ukilizoea hulisikii tena.

Baadaye karatasi ziliondoka, vishikwambi vikaja. Sikuvichukia kama mlivyokuwa mnanitania. Kishikwambi hakilowi ovyo, na kinakataa ukiandika mtu ana miaka mia mbili. Hofu yangu ilikuwa kwamba kinakubali upesi mno kila jambo linalowezekana. Karatasi ilikupa nafasi ya kutazama nyuma, kurasa mbili tatu kwa pamoja. Kishikwambi kinakuonyesha swali moja, ukijibu linaondoka.

Jambo ninalotaka kuwaeleza hasa lilitokea miaka michache kabla sijastaafu. Nilipangiwa kitongoji kimoja cha Chome, juu kabisa, karibu na msitu wa Shengena, ambako ukungu hukaa mpaka saa nne asubuhi. Kaya nane zilichaguliwa, na kila kaya nilitakiwa kuifuata siku kumi na nne mfululizo, nikipima kilichoandaliwa kwa chakula cha siku. Nilipewa chumba kwenye nyumba za walimu. Msimamizi wangu safari ile alikuwa Baraka, kijana wa Singida aliyesomea takwimu chuo kikuu, mwenye adabu, aliyeniita Mama Heri na kunipa shikamoo hata kwenye ujumbe wa simu. Yeye alibaki Same akipokea takwimu zetu kila siku.

Kati ya kaya zile nane, moja ilikuwa ya Eliamini na mkewe Nakiete. Eliamini alikuwa fundi mwashi na mzee wa kanisa. Nyumba yake aliijenga mwenyewe: matofali ya kuchoma, bati, madirisha ya vioo, sakafu ya saruji iliyong'aa. Kwenye sehemu ya makazi kishikwambi kilimpa alama nzuri kila swali. Lakini mwaka mmoja kabla ya hapo alikuwa ameanguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi mjini Same, akavunjika nyonga, na tangu hapo alitembea kwa fimbo hatua chache tu, kutoka kitandani hadi kwenye benchi la barazani. Nakiete alilima peke yake, na vuli ile mvua haikutosha. Walikuwa na watoto watatu, wawili wa shule na wa mwisho, Namsifu, wa miaka mitatu.

Hata hivyo, kila siku saa nne nilipofika, Nakiete alinitolea kikapu barazani: maharage, mahindi ya makande, siku nyingine na kichane cha mshare, zile ndizi za kupika. Nilipima, nikaandika "shambani", nikaendelea. Siku ya nne kikapu kilikuwa kizuri, ya tano kizuri. Nisiwafiche, nilifurahi. Nilikuwa nimeona nyumba nyingi zilizoangushwa na ajali kama ile, na nilitaka kuona moja iliyosimama. Furaha hiyo ndiyo iliyonifumba macho.

Siku ya sita, mchana, nilikaa kwenye ngazi za shule nikipitia kazi ya siku kama nilivyozoea enzi za karatasi. Nilikuwa bado nanakili vipimo vyangu kwenye daftari dogo, siri ambayo Baraka hakuijua. Nilipofungua kurasa mbili kwa pamoja nikaona kitu. Kaya ya Mama Yona, jirani yao wa chini kidogo, karibu na mfereji unaotoka kwenye ndiva, lile bwawa la zamani la kumwagilia, nayo ilikuwa kwenye orodha yangu. Niliipima kila siku saa tatu. Siku ile maharage ya Mama Yona yalikuwa kilo mbili na gramu mia tatu na hamsini. Maharage ya Nakiete, saa moja baadaye, yalikuwa kilo mbili na gramu mia tatu na hamsini. Nikafungua jana yake. Mahindi yalilingana. Nikafungua juzi. Mshare ulilingana.

Nikajiambia huenda wanagawana mazao sawasawa, huenda wamelima pamoja. Niliyasema yote hayo nikijua siyaamini.

Siku ya saba, kwa Mama Yona, sikutazama maharage. Nilitazama kikapu. Mpini wake ulikuwa umekatika siku nyingi na kushonwa kwa uzi wa plastiki wa buluu, mizunguko minne. Nikatoka, nikapitia kaya moja katikati kama kawaida yangu, nikapanda kwa Nakiete. Akanitolea kikapu. Uzi wa buluu, mizunguko minne.

Nilipima. Nakiete alikuwa ananitazama usoni, na nadhani alijua kwamba nimejua. Nilisema asante, tutaonana kesho, nikaondoka. Sina fahari na hilo. Nilikuwa na zaidi ya miaka thelathini kazini, nikamwacha yule mama barazani na kikapu ambacho kingeshuka tena kwa mwenyewe mara tu nikikata kona.

Fikirini nilivyobanwa. Tuliapa kiapo cha siri: ninachokiona kwa Mama Yona siwezi kukitaja kwa Nakiete, wala cha Nakiete kwa Mama Yona. Dodoso linataka niandike anachonionyesha mhojiwa. Kutoa msaada kwa kaya iliyochaguliwa kumekatazwa, kwa sababu unabadilisha kile unachokipima. Na siku saba tayari zilikuwa zimetumwa Same, na humo Nakiete alikuwa mama anayekula vizuri kuliko nusu ya kitongoji.

Juu ya shule kuna mwamba ambako mtandao unapatikana. Nilipanda nikampigia Mzee Msangi, aliyekuwa amestaafu zamani na kurudi kwao Shighatini. Sikutaja jina la mtu wala la kitongoji. Nilimweleza kwamba kuna kikapu nilichokipima kwenye nyumba mbili. Akaniuliza kama kuna siku hata moja nilikuwa nimeuona moto wa nyumba ile. Nikasema hapana, huwa wananipokea barazani.

"Basi hujapima kitu," alisema. "Chakula kilichoko kikapuni si cha mtu bado. Kesho kakae jikoni."

Siku ya nane nilifika saa moja na nusu, kabla ya kwenda kwa Mama Yona, ukungu ukiwa mzito hata nyumba siioni mpaka niliposikia Eliamini akikohoa. Nakiete alikuwa uani na ufagio. Akasema, "Leo umewahi." Nikamwambia nimekuja kukaa. Hakuniuliza kukaa kwa nini. Aliingia jikoni, nami nikamfuata, nikakaa kwenye kigoda.

Mafiga yalikuwa baridi. Palikuwa na sufuria ndogo yenye uji wa mahindi uliobaki, mwepesi, unaona chini yake, na kipande cha gimbi kwenye sahani. Watoto wa shule walikuwa wameshaondoka. Shuleni walipata uji wa mchana. Namsifu alikuwa amekaa kwenye kona amevaa sweta na soksi ndefu za kaka yake. Nilimsemesha kwa Chasu, lugha yetu ya nyumbani, hakugeuka. Watoto wa umri ule kwa kawaida humvamia mgeni, wanataka kushika mizani. Yeye alikuwa anatazama ukuta kwa uso wa mtu mzima aliyechoka.

Nikamuuliza mama yake kama naweza kumvua soksi. Alisita, kisha akamvua yeye mwenyewe. Miguu ilikuwa imevimba, ngozi imenyooka inang'aa. Nilibonyeza kwa kidole gumba upande wa juu wa mguu mmoja. Nilipotoa kidole, shimo lilibaki.

"Imeanza kuvimba lini?"

"Wiki mbili," Nakiete alisema. "Nilidhani ni baridi." Halafu akasema kwa sauti ya chini, "Umekijua kikapu."

"Sijui kikapu cha mtu yeyote," nilimjibu, kwa sababu ndivyo nilivyoapa. "Ninachojua ni kwamba chakula cha nyumba hii sijawahi kukipima."

Hapo ndipo aliponieleza. Miezi kadhaa nyuma kulikuwa na mpango fulani wa misaada, na majina ya kaya zilizopendekezwa kuwa maskini yalisomwa kwenye mkutano wa kijiji, mbele ya watu wote. Jina la Eliamini lilisomwa. Eliamini, ambaye alikuwa amebebwa kwenye kiti ili ahudhurie, aliinua fimbo akaomba jina lake lifutwe, akasema yeye ni mgonjwa, si maskini. Likafutwa. Nilipokuja mimi na kishikwambi, Nakiete aliamini kwamba nacho siku moja kitasomwa mkutanoni. Alikuwa ameomba kikapu kwa jirani kwa siku mbili tatu, akijua wageni wa serikali huwa hawakai. Hakujua kwamba nitakaa kumi na nne.

Nilikuwa nimewaeleza siku ya kwanza kwamba majibu yao ni siri. Nilikuwa nimeisoma aya nzima, neno kwa neno, kama inavyotakiwa. Niliisoma vizuri sana na hakuna aliyeisikia.

Eliamini alisikia mazungumzo yetu akaja mpaka mlangoni, fimbo mkono mmoja, mwingine umeshika ukuta. Alisema mtoto ana baridi tu, na kwamba mambo ya nyumba yake hayahitaji mtu wa takwimu. Sikubishana naye. Nilibonyeza tena ule mguu, nikatoa kidole, nikamwacha atazame. Alitazama lile shimo muda mrefu. Yeye ni fundi. Alijua kinachopaswa kurudi mahali pake na hakirudi. Aliondoka, akarudi na koti lake jeusi la kanisani, akainama kwa maumivu na kumfunika nalo mtoto.

"Mpelekeni," alisema.

Nilitoka njiani nikaita bodaboda. Nilipanda na Nakiete, mtoto katikati yetu ndani ya koti, tukashuka hadi zahanati kwa njia ile ya mawe. Muuguzi alimtazama Namsifu mara moja tu akasema huu ni utapiamlo mkali, hapa hawezi kutibiwa, aende hospitali Same leo hii. Alimwuliza mama mtoto anakula nini. Nakiete alinitazama mimi kwanza, kisha akasema ukweli wote, uji na magimbi, siku baada ya siku. Ndicho kipimo cha kwanza sahihi nilichokipata kutoka kaya ile, na hakikuwa kwenye kishikwambi. Nauli ya gari niliitoa mimi. Kanuni niliivunja nikiwa na akili zangu timamu.

Nilibaki Chome kwa sababu kaya saba zilinisubiri. Siku zile nilipima kwa hofu, kila namba niliiangalia mara tano. Simu niliiweka mfuko wa kifuani, na kila mara nilipopita kwenye mtandao ikitetemeka nilishindwa kuitoa. Niliogopa kwamba tumechelewa, na kwamba siku saba za kuchelewa zilikuwa zangu. Mama Yona alinipokea kila asubuhi na kikapu chake, tukaongea juu ya maharage. Siku moja aliuliza, akiwa ameinamia kikapu, kama mgonjwa wa Same anaendeleaje. Nikasema sina habari. Akasema alidhani kwamba anasaidia. Nikaandika uzito wa maharage yake.

Siku ya kumi na tatu Nakiete alinipigia kwa simu ya muuguzi wa hospitali.

"Leo amelia," alisema. "Amelia anataka chakula."

Nilikaa juu ya jiwe kando ya njia. Bodaboda mmoja akasimama kuniuliza kama naumwa.

Niliporudi Same nilimkuta Baraka mbele ya kompyuta, macho mekundu. Alinipa shikamoo, akanivutia kiti, akaniambia kwa upole kwamba kaya ile imeharibika. Siku saba si za kweli, siku sita zilizofuata mama hayupo, na mdadisi ameingilia. Utaratibu ulikuwa kuiondoa na kuweka kaya ya akiba, ambayo ilikuwa tayari kwenye orodha: duka dogo, ng'ombe wawili, na mtoto wa kiume anayefanya kazi Arusha.

Nikamwambia kaya haijaharibika, takwimu ndizo zilizoharibika. Nikamwuliza, ukiiondoa hii kwa sababu ilificha njaa, nani atabaki kwenye hesabu zaidi ya wale ambao hawana cha kuficha? Hakukasirika. Alikuwa na siku tatu za kufunga kazi ya wilaya na alinieleza kwamba akiniruhusu mimi nirekebishe kaya kwa ninavyoona, atamzuiaje mwingine atakayerekebisha kwa uvivu? Alikuwa na haki. Hilo ndilo lililonitesa, kwamba alikuwa na haki kabisa.

Tukakubaliana nimwandikie maelezo. Niliandika kurasa tatu: nilichopima, nilichokosea, nilichokiona jikoni, nauli niliyotoa. Sikumtaja Mama Yona wala kikapu chake. Niliomba kaya ibaki, na siku zile saba ziwekwe alama kwamba hazijulikani. Baraka alisoma, akaongeza aya yake mwenyewe ambayo sikuitegemea, akasema anaunga mkono, akatuma juu. Baada ya majuma matatu lilikuja jibu la neno moja: "Imepokelewa." Nimelisoma neno hilo mara nyingi kuliko barua yoyote niliyowahi kuandikiwa.

Matokeo yalipotoka tuliitwa ukumbini. Kwenye ukuta ziliangaza nguzo za rangi za chati, na umaskini ulikuwa umepungua. Watu walipiga makofi, nami nilipiga. Nilitafuta kwa macho mahali ambapo Nakiete angekuwa, na bila shaka hapakuwa na mahali kama hapo. Nilimwuliza Baraka kama anajua waliamua nini. Hakujua. Aliuliza mara mbili kwa niaba yangu, na kila aliyeulizwa alimwelekeza kwa mwingine. Huko juu kaya hazina majina, na ndivyo inavyotakiwa. Ndicho tulichowaapia watu.

Mzee Msangi alifariki kabla sijapata la kumwambia.

Kabla ya kuwaandikia haya nilipanda Chome, mwezi uliopita, kuomba ruhusa. Majina yote nimebadilisha, lakini habari ni ya kwao. Eliamini nilimkuta barazani anachonga mizinga ya nyuki. Nyonga haikupona, ila mikono ni ileile. Namsifu alikuwa shuleni, darasa la pili. Nakiete alikuwa anapukuchua mahindi. Nilimweleza ninachotaka kuandika, akaendelea kupukuchua, kisha akaniuliza swali ambalo nililiogopa tangu naondoka Same.

"Mwisho wake mlituandika nini? Sisi ni maskini, au si maskini?"

"Sijui," nikamwambia. "Nimeuliza, sikuambiwa. Wala sijui kama mlibaki kwenye hesabu."

Punje ziliendelea kudondoka kwenye ungo. Nilitegemea achukie, au acheke. Eliamini aliacha kuchonga.

"Basi andika wewe," Nakiete alisema. "Andika mwaka ule tulikosa, mtoto akavimba. Mwaka huu tunakula. Andika yote mawili, kila moja peke yake. Usitujumlishe."